Siti Bado Anaimba: Majibu ya Maswali Yenu

Tangu niandike kwamba Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab aliyefariki mwaka 1950, binti wa mfinyanzi wa Fumba, Unguja, bado anaimba kwenye sahani zake na vinywani mwa wengine, simu yangu haijapoa. Nimechagua maswali matano. Matusi nimeyaweka kando.

Shikamoo Bibi. Sauti yake mwenyewe ipo kweli, au tunawasikia tu waliomuiga? (Msomaji, Temeke)

Marahaba mwanangu. Ipo. Mwaka 1928 kampuni ya His Master's Voice ilimsafirisha pamoja na wapigaji wake mpaka Bombay, India, wakarekodi sahani za santuri kwa Kiswahili. Zile sahani zikaenea pwani yote. Lakini uso mmoja wa sahani ya wakati ule ulichukua kama dakika tatu tu. Wimbo ambao kule Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida mjini Unguja, ungekwenda mpaka watu wakatosheka, kwa kuitikiwa, kurudiwa na kutunzwa fedha, ilibidi ukatwe ukatwe uenee humo. Kwa hiyo unachokisikia leo ni kipande.

Nyumbani kwetu tulikuwa nayo moja, nyeusi, nzito, ya aina ambayo ukiiangusha inavunjika kama kigae. Bibi yangu alifunikia mtungi wa maji. Tulikunywa maji ya mtungi ule miaka chungu nzima, na hakuna mtoto aliyejua kilichomo kwenye kifuniko. Siku mjomba alipokuja na gramafoni ya kuazima tukaifuta kwa kanga tukaiweka. Kwanza ilikaanga kama samaki kwenye mafuta, kisha fidla, kisha ile sauti. Bibi alikuwa anapembua mchele. Akaanza kuimba naye, neno kwa neno, bila kuinua kichwa. Sahani ikafika mwisho, sindano ikabaki inakwaruza, na yeye akaendelea na beti ambazo sahani haikuzibeba.

Ubishi kijiweni: Muhogo wa Jang'ombe ni wimbo wa Bi Kidude au wa Siti? Tumeweka dau la soda. (Wapiga soga, Tanga)

Ni wa Siti, na aliyeshinda anywe kwa raha. Ila msimcheke sana aliyeshindwa, maana ana hoja. Bi Kidude, mwimbaji wa hapa Unguja, jina lake halisi Fatuma binti Baraka, hakukaa darasani kwa Siti. Alijifunza kwa masikio, kama walivyojifunza wengi. Siti alipoondoka, nyimbo zile zilikuwa na njia mbili: zife pamoja na gramafoni, au apatikane mtu wa kuzibeba kinywani. Bi Kidude alizibeba zaidi ya nusu karne, akazifikisha Ulaya na kwingineko, mpaka alipofariki Aprili 2013.

Na hakuziimba kama Siti. Ukizisikiliza zote mbili utaona: Siti ni mwembamba wa sauti, anapanda juu na kukaa huko huko, Bi Kidude sauti imekwaruzwa na umri na sigara, na ndani yake kuna msondo wa unyago aliokuwa akiupiga. Anayekuenzi hafanani nawe. Kasuku hufanana, na hakuna aliyewahi kumtunza kasuku fedha.

Nilichompendea Bi Kidude zaidi ni kwamba jina la Siti hakulificha.

Kikundi chetu cha shule kinataka kuimba nyimbo zake. Tuombe ruhusa kwa nani? (Mwalimu, Pemba)

Kazi nzuri, Mwalimu. Sheria ya hakimiliki ya Bara ya mwaka 1999 iliweka ulinzi wa miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, lakini ninyi mko Zanzibar, yenye sheria yake, kwa hiyo pitieni COSOZA, chombo cha hakimiliki cha Zanzibar, muulize. Angalieni pia jambo moja: mwimbaji na mtunzi wa maneno si lazima wawe mtu mmoja. Nyimbo nyingi za taarab zina mshairi aliyekaa kivulini. Mkimjua, mtajeni jukwaani kabla ya wimbo. Hilo halina ada.

Kwa nini hatumjengei sanamu? (Msomaji, Mombasa)

Sanamu ya nini, ndugu yangu, inyewe na kunguru? Chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, kilipoanzisha jarida lake mwishoni mwa miaka ya 1980 kililiita Sauti ya Siti. Wapo pia waliosoma habari zake kwa Shaaban Robert, aliyemwandikia wasifu. Mimi hayo yananitosha.

Bibi, mimi ni mpigaji kinanda. Tukipiga nyimbo za kale kwa mtindo wetu wazee wanasema tunaharibu. Tuache? (Kijana, Mwanakwerekwe)

Msiache. Hao wazee wakumbushe kwamba taarab ilipoanza hapa Unguja ilikuwa ya kasri, ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti ndiye aliyeipa Kiswahili na habari za mitaani, na waliomwonea choyo hawakumwambia ameharibu tu: walimtungia kabisa wimbo wa kumkebehi kwamba alikuja mjini na kaniki, na kama si sauti angekula nini. Akawajibu kwa wimbo. Kitukuu chake, Siti Muharam, alitoa albamu mwaka 2020 yenye mipangilio mipya, na mwanamuziki wa taarab Matona yumo humo humo. Bi Kidude naye aliimba na Offside Trick, kundi la vijana wa kizazi kipya, na hakuna mtu aliyekufa.

Badilisheni mdundo mpendavyo. Nina ombi moja tu, la beti. Chukua wimbo wa Siti uitwao Kijiti. Ni kisa cha mwanamke mjamzito aliyekuja Unguja kutembea kutoka Dar es Salaam, akauawa, muuaji, ndiye Kijiti, akavuka bahari akatoroka, na waliokwenda kutoa ushahidi ndio wakatiwa hatiani. Siti aliupeleka mahakama ya pili, ya watu, na Kijiti hajaachiwa mpaka leo.

Mwaka juzi niliusikia arusini. Kinanda kizuri, kinamama wamesimama wanatunza, noti zinaning'inia, lakini beti za mahakamani zote zimerukwa. Wakati wa mapumziko nikamfuata mwimbaji, binti mdogo, nikamuuliza. Akashika kifua: "Bibi, wallahi sikujua kama mna maiti humu ndani." Nikaomba kalamu, nikamwandikia zilizobaki nyuma ya boksi la keki.