Waliotengwa Hawakimbiliani

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 17, niko Busia, na ninaandika riwaya ya sayansi ya kubuni kwa Kiswahili. Wahusika wangu ni wawili, wote wa Senior Two katika shule ya bweni. Amani ni Mkongomani aliyekulia Nakivale, makazi ya wakimbizi huku Uganda, anachekwa kwa ajili ya Kiswahili chake. Nabirye ana kifafa, na wenzake hawataki kula naye. Siku ya kwanza wanakutana, wanakuwa marafiki, kisha wanaanza kunasa ujumbe wa redio kutoka kwenye setilaiti ndogo ya Uganda ambayo ilishaungua angani. Mwalimu wangu wa fasihi kasoma sura tatu akasema urafiki wao ni mvua isiyo na wingu. Rafiki yangu naye anasema mambo ya angani si yetu. Nirekebishe wapi? Na mwishoni wapendane?
– Msomaji wa Busia

JIBU: Marahaba, binti. Nianze na huyo rafiki yako, maana hanichukulii muda. PearlAfricaSat-1, setilaiti ya Uganda, ilirushwa kutoka Virginia, Marekani, tarehe 7 Novemba 2022, na tarehe 2 Desemba ikaachiliwa kutoka kituo cha anga cha kimataifa. Walioiunda ni wahandisi watatu wa Uganda waliosomea kazi hiyo Japani. Mwambie hivyo, kisha umwache aendelee na shughuli zake.

Mwalimu wako ndiye mwenye hoja. Umewakalisha benchi moja watoto wawili waliokataliwa, na kufikia ukurasa wa nne wanamegeana chapati. Sivyo ilivyo. Mtu aliyetengwa humkwepa mtengwa mwenzake kuliko anavyowakwepa wale wanaomtenga. Aibu yake mwenyewe inamtosha, ya mwenzake ataibeba kwa mgongo upi?

Nalijua hilo kwa kuwa mimi ni mtoto wa kambini. Baba alikuwa askari, na nyumbani tulisema Kiswahili. Mwaka 1989 nikapelekwa shule moja ya bweni upande wa Masaka, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya wanajeshi na wezi. Nikifungua kinywa, bweni zima linainua mikono juu kama watu waliosimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani. Kitanda cha tatu kutoka changu alilala kijana waliyemwita Godoro. Sababu unaweza kuikisia. Muhula mzima sikumsemesha. Nilifurahi, Mungu anisamehe, kwamba kuna aliye chini yangu.

Kilichotukutanisha ni kufuli. Nilipoteza ufunguo wa sanduku langu la chuma, na ndani mlikuwa na sukari, sabuni na karanga za mama. Godoro akaja na kipande cha waya, akachokonoa, likafunguka. Hakuomba karanga. Aliomba nusu ya mche wa sabuni. Kesho yake alfajiri, saa kumi na moja kabla ya kengele, nilimkuta bombani akilifua lile godoro lake peke yake. Sponji ikishakunywa maji, mtu mmoja haikamui. Akikunja upande huu, maji yanahamia upande ule. Nikashika ncha ya pili. Yeye akasokota kulia, mimi kushoto, maji yakatumwagikia miguuni. Hatukusema neno. Nadhani urafiki wetu ulianzia pale, wala sikuutambua hadi wiki kadhaa zilipopita.

Sasa rudi kwa Amani na Nabirye. Wape sponji yao. Bahati yako ni kwamba unayo tayari, ila umeipita mbio. Setilaiti ya aina hiyo huzunguka kama kilomita 400 juu, kwa kasi ya zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde. Tangu ichomoze upande mmoja wa upeo hadi izame upande wa pili ni dakika kumi hivi, tena ikipita vizuri. Katika rasimu yako wanaisikiliza "usiku kucha". Haiwezekani, na afadhali isiwezekane! Dakika kumi zinawabana.

Halafu ikiwa inakujia, masafa yake yanasikika juu kidogo; ikikupita yanashuka, kama honi ya lori linaloelekea Malaba. Kwa hiyo lazima mtu azungushe kitufe cha redio polepole wakati wote, na mwingine aifuatishe antena angani. Antena yenyewe wanaweza kuitengeneza kwa vipande vya tepu ya chuma ya fundi na bomba la plastiki. Watu hufanya hivyo kweli. Kazi hiyo inataka mikono minne. Waache wachukiane sura mbili nzima wakiwa wameshika kifaa kimoja. Na saa ya kupita huhama siku hadi siku: leo ni wakati wa prepu, wiki chache mbele ni alfajiri na mlango wa bweni una komeo. Hapo utapata makosa, adhabu na uongo bila kuvitafuta.

Kifafa chako kina kosa moja ambalo silisamehe. Sura ya pili mtu anamtia Nabirye kijiko mdomoni. Toa kijiko hicho, kuna wasomaji watakaoiga. Anayeanguka hulazwa ubavu, huondolewa vitu vigumu karibu naye, na muda huhesabiwa. Degedege likipita dakika tano, hospitali. Wala kifafa hakiambukizwi kwa kula sahani moja, jambo ambalo Amani anaweza kulionyesha kwa kula tu, bila hotuba. Ni yeye mwenye saa ya mkononi ya kupimia setilaiti. Siku Nabirye akianguka katikati ya dakika zile kumi, atapima nini?

Kuhusu lugha: Mkongomani wako anazungumza kama msoma habari wa Dodoma. Mwache aseme "batoto", aseme "muzuri". Wanamcheka kwa hilo, nasi hatujalisikia hata mara moja!

Jingine linalokosekana ni siku ambayo mmoja wao anakaribishwa na kundi. Mimi nilikaribishwa muhula wa pili, walipogundua kwamba najua kudaka mpira. Tukiwa kwenye foleni ya posho mmoja akaita, "Godoro, leo umekauka?" Nikacheka. Mara moja tu, na si kwa sauti. Alikuwa mbele yangu na sahani yake, akageuka, akaniangalia viatu. Hakurudi shule muhula wa tatu, na mpaka leo sijui alikwenda wapi. Nakuachia uchague nani acheke, Amani au Nabirye. Ningekuwa wewe ningemchagua yule ambaye msomaji kampenda zaidi.

Wapendane mwishoni? Hapana. Wana miaka 14, wana mtihani, na wana redio isiyo yao ambayo mwenyewe ataitafuta. Na betri ziishe sura ya saba. Kwako zinadumu mpaka ya kumi na mbili, na duka la shule, kwa maneno yako mwenyewe, linauza biskuti na kalamu tu.