Protini hukunjika au hukunjuka?

Swali: Ninaandaa maelezo mafupi ya biolojia kwa Kiswahili. Nimeandika: "Moto ukizidi, bondi za protini huvunjika na protini hukunjika, ndiyo maana yai huganda." Mhariri amepigia mstari maneno matatu. *Bondi*, yaani kile kinachoshika atomi pamoja, anataka iwe *kiungo*, *huvunjika* ameiwekea alama ya kuuliza tu, na *hukunjika* anasema nimekosea herufi. Nani yuko sahihi?

Jibu: Kwenye herufi mhariri yuko sahihi, na kosa lenyewe ni kubwa kuliko linavyoonekana, kwa hiyo tuanze nalo.

Kitenzi *kunja* kina njia mbili. Ukikiongezea -ik- unapata *kunjika*, yaani kuingia katika hali ya mkunjo au kukubali kukunjwa. Ukipitia kauli ya kutendua unapata *kunjua*, na kutoka hapo *kunjuka*: mkunjo umeondoka. Ni mtindo uleule wa *funga* na *fungua*, *ziba* na *zibua*, *fuma* na *fumua*. Penye irabu *o*, kiambishi nacho hugeuka *o*, ndiyo maana tunasema *sokota* na *sokotoa*.

Sasa tazama protini. Ribosomu, mtambo wa seli unaojenga protini, huitoa kama mnyororo mrefu wa asidi amino, yaani molekuli ndogo zinazoiunda. Mnyororo huo hujikunja mpaka upate umbo lake, na umbo ndilo linaloipa kazi. Joto likizidi, mikunjo hufumuka. Kimeng'enya (protini inayoharakisha mimenyuko ya kemikali) kilichokunjuka hakifanyi kazi tena, ingawa hakuna hata asidi amino moja iliyodondoka. Ulipoandika *hukunjika* ulimwambia msomaji kwamba moto ndio unaoipa protini umbo, kinyume kabisa cha ulichokusudia. Irabu moja tu, na hakuna programu ya kusahihisha tahajia itakayoikamata, kwa sababu maneno yote mawili yapo.

Usijiachie sana na kauli ya kutendua, hata hivyo. *Pindua* haimaanishi kunyoosha kilichopindwa. Ni kukigeuza juu chini. Na *unga* ndiyo mtego mbaya zaidi: *ungua* ni kushika moto. Ukiandika kwamba atomi zilizoungana "zimeungua," msomaji atatafuta majivu. Kinyume cha *ungana* kiandike *tengana* au *achana*. Kinyume cha *unganisha*, *tenganisha*.

Tuje kwenye *huvunjika*. Sarufi yake haina tatizo. Tatizo ni kwamba protini ina bondi za aina kadhaa, na sentensi yako haisemi ni zipi. Kati ya asidi amino moja na nyingine kuna bondi ya peptidi. Hiyo ni kovalenti, yaani atomi mbili zinashirikiana elektroni, na maji ya kuchemshia yai hayaiwezi. Maabara wakitaka kuzikata bondi za peptidi zote huchemsha protini katika asidi ya haidrokloriki yenye moli 6 kwa lita, kwa nyuzi 110 za Selsiasi, kwa takriban saa 24. Mikunjo kwa upande wake hushikiliwa zaidi na nguvu dhaifu, zikiwamo bondi haidrojeni. Nguvu ya bondi haidrojeni ni kama kilojuli 20 kwa moli (kipimo cha wingi wa molekuli), wakati bondi ya kovalenti kati ya kaboni na kaboni ni kama 350. Ndiyo maana ute wa yai huanza kuganda kwenye nyuzi 60 hivi, mbali na kiwango cha maji kuchemka.

Kinachofuata baada ya kukunjuka nacho kimepotea katika sentensi yako. Sehemu za mnyororo zinazokimbia maji, ambazo zilijificha ndani, hutokeza nje na kunasana na za jirani. Baadhi ya atomi za salfa huunda hata bondi mpya za kovalenti. Unapatikana mtandao unaofungia maji ndani yake, na huko ndiko kuganda. Yaani yai lililoiva limeachia baadhi ya bondi na kujenga nyingine.

Kwa hiyo ninashauri ugawanye vitenzi. Bondi za kovalenti *hukatika* au *huvunjika*. Zile dhaifu *huachia*, kama gundi inavyoachia. Sentensi yako ingesomeka hivi: "Moto ukizidi, bondi dhaifu zinazoshikilia umbo la protini huachia, protini hukunjuka, kisha minyororo yake hunasana, ndiyo maana ute wa yai huganda."

Asiyeona umuhimu wa mgawanyo huu aende saluni, kwani unywele ni protini, keratini. Nywele zilizopigwa pasi hunyooka kwa sababu joto limezifanya bondi haidrojeni ziachie na kushika upya zikiwa zimenyooshwa. Jasho au manyunyu ya mvua yakizifikia, maji hujipenyeza, bondi huachia tena na nywele hurudi zilivyokuwa. Dawa ya kulainisha ni jambo jingine. Ile yenye haidroksaidi ya sodiamu, ambayo pH yake, kipimo cha uasidi na ualkali, ni kati ya 12 na 14, hukata bondi za salfa kwa salfa zinazounganisha mnyororo mmoja na mwingine, na kuondoa salfa moja kati ya kila mbili. Hapo maji hayarudishi kitu. Mtu husubiri nywele mpya ziote. Ikiachwa kichwani kupita muda wake, hushambulia hata bondi za peptidi, na nywele hukatika kwa maana halisi ya neno. Kalikiti nayo hukata salfa kwa salfa, nywele zikazungushiwa rola, kisha dawa ya pili yenye peroksaidi huziunga salfa upya katika mkao mpya. Huachia, hukatwa, huungwa upya: ukiandika "bondi huvunjika" mara tatu, msomaji hataelewa kwa nini mvua huharibu pasi lakini haigusi dawa.

Kuhusu *kiungo*, hapa simuungi mkono mhariri. Neno hilo lina mzigo mzito tayari: goti ni kiungo, iliki ni kiungo, na katika biolojia yenyewe mkono ni kiungo cha mwili. "Viungo vya seli" ataielewa nani kuwa ni bondi? *Kifungo* kinanuka gereza. *Muungano* unafaa kwa tendo la atomi kuungana, si kwa kile kinachozishika. *Muungo*, wingi *miungo*, ni neno zuri, na kama nyumba yenu ya uchapishaji imelizoea, libaki. Mimi hutumia *bondi* kwa sababu halina maana nyingine ndani ya seli. Wenye mambo ya fedha wanalo lao, lakini hatukutani nao kwenye ute wa yai. Chagua moja na ulishike mpaka mwisho. Kuchanganya *bondi* na *muungo* katika ukurasa mmoja humfanya msomaji afikiri ni vitu viwili.

Huenda umeona nimeandika *bondi haidrojeni* bila *ya*. Nimekusudia. "Bondi ya haidrojeni" inaweza kuchukuliwa kuwa bondi yoyote inayoihusu haidrojeni, na ndani ya molekuli moja ya maji zimo mbili za namna hiyo, kati ya oksijeni na kila haidrojeni. Hizo ni kovalenti. Bondi haidrojeni katika maji ni ile inayovuta haidrojeni ya molekuli moja kuelekea oksijeni ya molekuli ya jirani. Katika DNA, molekuli inayobeba taarifa za urithi, hushikanisha nyuzi zake mbili kupitia besi, yaani herufi zake nne: A na T kwa bondi 2, G na C kwa 3. Kuondoa kihusishi hulifanya kuwa jina la aina, kama ilivyo *asidi amino*. Kwa upatanisho usihangaike: *bondi, molekuli, atomi, seli, protini* na *elektroni* zote ni za ngeli ya I-/ZI-, molekuli hii, molekuli hizi. "Maseli" na "maprotini" yaache kwenye mazungumzo.

Na kwa kuwa maelezo ya biolojia hayakosi ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, kuna sentensi moja ninayoiona mara nyingi: "ATP hutoa nishati bondi yake ya fosfeti inapovunjwa." Kiswahili chake kimenyooka, kemia yake haijanyooka. Kuvunja bondi yoyote hugharimu nishati. Malipo hutoka kwenye bondi mpya zinazojengwa ATP inapomenyuka na maji, na jumla ya faida ni kama kilojuli 30 kwa moli katika hali sanifu, karibu 50 ndani ya seli. Kosa limejificha katika *-po-*, ambayo hutaja wakati lakini msomaji huisoma kama sababu. Andika: "ATP inapomenyuka na maji, nishati inayopatikana katika kujenga bondi mpya huzidi ile iliyotumika kuvunja za zamani, na salio ndilo seli inalolitumia."