Mkuu, hilo boksi la vipuri 2,000 achana nalo

Mkuu uliyeandika kutoka Masasi, umeuliza ununue nini ili uanze ufundi wa elektroniki: boksi la vipuri vidogo 2,000 ulilotumiwa picha, pasi ya kulehemu, mita ya kupimia umeme, meza na taa ya mezani. Mimi nimekwama hapo kwenye boksi. Kama hela ya korosho bado iko mfukoni, iache hukohuko.

Boksi kama hilo ninalo hapa Mtwara, chini ya kitanda. Lina vitaa vya LED vya kupamba harusi mbili na transista ambazo sijawahi kuzitoa mfukoni. Rezista zimeota weusi miguuni kwa upepo wa chumvi, risasi haishiki mpaka uzikwangue kwa wembe. Jamaa wa mtandaoni aliyeniuzia aliapa, "Ukiwa na hili huendi tena dukani." Kweli, siendi dukani. Naenda stendi kupokea mzigo kutoka Kariakoo, maana ninachokihitaji siku hiyo ndicho hakimo.

Sasa sikia hasara. Shemeji alileta sabufa inayonguruma. Nafungua, kapasita kubwa ya pawa, kile kikopo kinachotunza chaji, imevimba kichwa: ujazo wake 4,700 µF (mikrofaradi), na mwisho wa kuvumilia ni volti 25. Kubwa kuliko zote kwenye boksi langu ilikuwa 1,000 ya volti 16. Nikampigia huyohuyo muuzaji. "Transfoma si ya volti 12? Basi 16 inatosha na chenji inabaki. Funga nne sambamba." Nikafunga.

Kumbe zile 12 ni za AC, umeme wa kwenda na kurudi. Zikishapita kwenye dayodi nne zinazougeuza uende upande mmoja, kapasita inachaji hadi kilele: zidisha kwa 1.4 upate karibu 17, toa kama moja na nusu inayoliwa na dayodi. Utasema bado imo ndani ya 16. Haimo! Transfoma isiyo na mzigo mkubwa hutoa zaidi ya ilichoandikwa, na umeme ukipanda kidogo juu ya 230 umeshavuka. Sabufa ikapiga singeli jioni nzima, nikapigiwa makofi. Usiku, paa! Ganda la alumini likarukia neti, moshi ukajaa chumbani. Moja ikashoti, ikaondoka na dayodi na transfoma. Fyuzi je? Fundi aliyenitangulia alishaifunga waya, nami nikaona nikanyamaza. Sabufa mpya nimenunua mimi. Shemeji hadi leo ananiita injinia mbele za watu, na anayecheka kwa sauti kuliko wote ni mimi, nifanyeje sasa.

Kwa hiyo mchoro kwanza, kipuri baadaye. Chagua kitu kimoja, mfano pawa ya volti 5 kwa 7805, kile kipuri cha miguu mitatu kinachoshusha volti na kuzishikilia kwenye 5. Ichore. Andika kila kipuri na volti zake, kisha agiza hivyo tu, vitatu vitatu kwa sababu kimoja utakiunguza. Kapasita iwe na volti zinazozidi ulizopima kwa nusu yake. Rezista na dayodi za kuchezea utazing'oa kwenye bodi mbovu za redio, mafundi wengi watakupa bure. Kapasita kuukuu using'oe, nyingi zimeshakauka.

Ulizopima, nimesema, kwa hiyo mita inatangulia kila kitu. Zile za njano za bei chee zinafaa, ila tundu la 10A, la kupimia mkondo mkubwa, kwa kawaida halina fyuzi. Ukisahau waya mwekundu humo ukaenda kupima soketi ya ukutani, umeshotisha 230 mkononi mwako.

Pasi chukua wati 40 na risasi ya kulehemu ya 60/40 (bati 60, risasi 40), hapo sina maneno.

Na huyo aliyekutumia picha, muulize swali moja: kapasita kubwa kuliko zote humo ni ya volti ngapi? Akijibu "zinatosha", mblock, halafu weka mchoro wako hapa tuuone.