Usiige nguzo uliyomaliza sasa hivi

Ngoja kwanza ndugu yangu, zima hiyo mashine ya kukereza, inayozungusha mbao ukiichonga kwa patasi. Umeuliza mbao gani, spidi gani, vanishi ipi na umchaji tajiri pesa ngapi kwa nguzo 24 za roshani, lakini mimi nimekwama kwenye ule mstari mmoja ulioupitia haraka, eti kila ukimaliza nguzo unaisimamisha mbele yako halafu unakereza inayofuata kwa kuiangalia hiyo. Hapo ndipo nilipoungua mimi.

Nilipewa nguzo 36 za nyumba moja ya Shela, kisiwani Lamu. Mvule, mbao zimetoka bara, zikavushwa Mokowe kwa boti, zikabebwa na punda mpaka karakana yangu Langoni. Nikafanya vile vile unavyotaka kufanya wewe, ya pili nikaipima kwa ya kwanza, ya tatu kwa ya pili, ya nne kwa ya tatu, na kila moja ukiishika na jirani yake ni pacha, wallahi huwezi kuzitenganisha. Siku ya kuzifunga nikazisimamisha zote ukutani, nikarudi nyuma nikaangalia. Pete ya juu, ule mkanda unaochongwa kuizunguka nguzo, ilikuwa inashuka, mdogo mdogo, kutoka kushoto mpaka kulia. Nikachukua futi: nguzo ya kwanza pete iko milimita 180 kutoka juu, ya mwisho 197. Nusu milimita tu kila nguzo, maana mkono wangu ulikuwa unavuta upande ule ule kila mara, na kosa la ya pili ya tatu ikalirithi ikaongeza na lake. Na asije mtu hapa kuniambia nivae miwani, macho yangu mazima, nusu milimita haoni mtu.

Tajiri hakupiga hata kelele. Aliweka kiganja juu ya pete ya kwanza akakitembeza taratibu mpaka mwisho wa mstari, kiganja kikashuka, akaniangalia. Nikarudia nguzo 22. Mvule mfukoni mwangu, boti mfukoni mwangu, punda mfukoni mwangu, na wiki tatu bila kazi nyingine.

Aliyenifundisha hivyo ni fundi mkubwa, jina lake naliacha, alikuwa akisema vipimo ni vya wanagenzi, mkono uzoee jicho. Bado nina hasira naye! Yeye kazi yake ilikuwa miguu ya vitanda, minne minne, kila mguu pembe yake, nani atailinganisha? Nguzo za roshani zimesimama bega kwa bega, jicho linapita juu ya pete zote kwa mara moja.

Sasa nisikilize. Nguzo zote zipimwe kwa kitu kimoja, na kitu hicho kisiwe nguzo. Chukua ukanda wa plaiwudi urefu sawa na nguzo yako, weka alama kila pete, shingo na tumbo linapoanza na linapoisha, halafu kila alama uipige kijipengo ukingoni ncha ya penseli iingie. Kereza mbao zote 24 ziwe mviringo kwanza, zote, ndipo uchore. Ukanda unaegemea pale patasi inapoegemea, penseli ndani ya kijipengo, mbao ikizunguka mstari unajichora wenyewe. Unene nao ukatie geji za plaiwudi, kila unene na pengo lake, uandike jina lake juu. Chimba kwa patasi nyembamba, zima, jaribu geji, chimba tena mpaka iingie bila kulazimisha, na hapo bado hujagusa umbo. Ukiwa na kalipa, kile kifaa cha taya mbili cha kupimia unene, basi ziwe tatu au nne, kila moja uikaze kwa unene wake usiifungue mpaka kazi iishe. Tumbo likizidi milimita moja jicho linasamehe, pete ikihama milimita tatu mtu anaiona akiwa njiani chini.

Mbao iwe imekauka kweli, mbichi ukiikereza duara hugeuka yai ikishakauka, na geji zako zote hazina kazi tena.

Ile nguzo uliyokwisha kuikereza itoe mbele ya mashine, itie mvunguni huko usiione. Kata ukanda leo usiku, piga picha uiweke hapa niangalie alama zako kabla hujawasha mashine kesho.