Barua pepe "imetumwa" lakini mteja haioni

Dada, umeuliza kwa nini ankara unazotuma kutoka dukani kwako Ngamiani hazimfikii mteja wa Mombasa, ilhali kwako zinaonyesha zimetumwa. Kutumwa maana yake imetoka kwako tu, si kwamba imepokelewa.

Angalia kama umepata ujumbe kutoka kwa Mailer-Daemon. Huyo ndiye tarishi anayerudisha barua, usimfute kabla ya kumsoma. Humo tafuta namba ya kosa: 550 mara nyingi ni anwani haipo au seva (kompyuta inayopokea barua) imekukataa. 552 ni kikasha kimejaa au faili kubwa mno. Gmail viambatisho mwisho MB 25, na picha za simu hazichelewi kufika huko.

Kama hakuna kilichorudi, mteja atazame folda ya spamu, zinakotupwa barua zinazoshukiwa. Mimi nashuku hapa, maana umesema unatumia barua pepe yenye jina la tovuti yako. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza: anayetuma athibitishe kikoa chake (jina linalofuata @) kwa SPF, yaani orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina hilo, au DKIM, yaani sahihi ya kidijitali kwenye barua. Mwambie fundi wa tovuti aziweke kwenye DNS (rekodi za kikoa chako), ni kazi ya dakika chache akiwa anaijua.

Ila hakiki na herufi za anwani pia. Nilishahangaika siku mbili hapa Chumbageni, kumbe niliandika "gmial".