Kurejeleza taka shuleni: tafuteni mnunuzi kabla ya mapipa

Mwalimu, umesema wazazi wamechanga fedha za mapipa ya rangi tatu na unauliza muanzie wapi. Fedha hizo zishikeni kwanza. Mimi ni mwalimu wa mazingira katika shule ya msingi hapa Dar es Salaam, na kwa niliyoyaona, mradi huu hubebwa na mnunuzi. Bila yeye mapipa yatajaa, kisha mtachoma kila kitu nyuma ya choo kama zamani.

Wanaowajua wanunuzi ni waokota chupa wa mtaani kwenu. Sisi tulimwalika mama mmoja wa kazi hiyo aje kuwafundisha darasa la sita. Aliwaonyesha namba ya aina ya plastiki, iliyo ndani ya pembetatu kitakoni mwa chupa: 1 ni chupa za maji na soda, 2 ni aina nyingi za madumu. Akawaambia watoe vizibo, maana ni plastiki nyingine. Tukakata kipande cha chupa, tukakitupia pamoja na kizibo kwenye ndoo ya maji: chupa ikazama, kizibo kikaelea. Siku hiyo watoto walielewa kuchambua kuliko kwa bango lolote.

Naomba sana, msimnyang'anye mtu kama huyo riziki yake. Sisi tulikubaliana kwa maandishi, mbele ya kamati ya shule na mtendaji wa mtaa: yeye anabeba na kuuza, shule inapata fungu lake. Kwa hiyo mzigo haulali hata shule ikifungwa.

Mzazi mmoja, fundi wa kuchomelea, alitutengenezea kizimba cha kuwekea chupa kwa mabaki ya nondo na wavu. Kinapitisha hewa, na ukipita unaona kilichomo, hivyo anayetupa ganda la ndizi humo anaonekana. Chupa zimwagwe maji na kizimba kiezekwe. Mbu wa dengue huzaliana kwenye vyombo vyenye maji, na mji huu ulishaugua mwaka 2019. Kitu cha kununua ni mizani. Pimeni wenyewe kabla mzigo haujatoka, kisha bandikeni ubaoni kilo, bei na fedha zilikokwenda. Tulipoanza kubandika, wazazi walianza kuwapa watoto chupa za nyumbani bila kuombwa.

Mabaki ya chakula na majani yageuzeni mboji ya bustani. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, lakini nailoni za vitafunwa bado zipo, na kwetu hazina mnunuzi. Ongeeni na akina mama wanaouza getini watumie sahani au bakuli. Wetu walikubali kwa moyo mweupe.

Sindano, betri na vioo mtoto asiguse kabisa. Akiviona amwite mwalimu, na jambo hilo lisemwe paredi kila wiki.