Nije au nisije? Jibu kwa mnaoulizia kazi za utafiti huku

Wiki mbili zilizopita mdogo wangu, binti wa shangazi, aliandika kwenye kundi letu la familia kwamba amepata nafasi ya kusoma uzamivu (PhD) wa kemia Ujerumani, huku niliko. "Kaka, nije?" Kabla sijajibu, mjomba akatuma sauti ya dakika nne. Kwa kifupi alisema nchi za wenzetu zimetajirika kwa sababu ya watafiti, sisi tukishasomeshwa tunahamia kwao kuwaongezea utajiri, na tukifika tunakula raha. Wengine wakadakia na maswali yao, nami nikaahidi kuandika kwa kirefu. Mjomba, shikamoo. Leo ni Jumapili, nafasi ninayo.

Raha ipo, nisiwe mnafiki. Nilipofika nilikuta mashine ambazo nilikuwa nazijua kwa picha za vitabuni tu. Kemikali ukiiagiza Jumanne, Alhamisi iko mezani. Ujerumani inatumia karibu asilimia 3 ya pato lake la taifa kwenye utafiti na uendelezaji wa bidhaa, na kama theluthi mbili ya hela hizo zinatoka kwenye kampuni. Viongozi wa Afrika walijiwekea lengo la asilimia 1, wakalikubali tena Khartoum mwaka 2006, na nchi nyingi hazijalifikia hadi leo. Kwa hiyo mkiuliza kama vifaa vipo, vipo. Hapo mjomba hujakosea.

Ila hakuna aliyewahi kuniuliza anayevishika vifaa hivyo ana mkataba wa miezi mingapi.

Kazi yangu ni betri. Lithiamu haipatani na unyevu wala hewa, kwa hiyo betri za majaribio tunaziundia ndani ya kabati la kioo lililojazwa gesi ya argoni. Unaingiza mikono kwenye glavu nene za mpira zilizofungwa ukutani mwa kabati, halafu kwa kibano unapanga vipande vyembamba kuliko karatasi, kimoja juu ya kingine, kwenye kibetri kidogo kama cha saa ya mkononi. Jasho linatiririka hadi kwenye vidole, pua inawasha na huwezi kuikuna. Baada ya saa tatu mabega yanawaka moto. Ukimaliza, unavipeleka vibetri kwenye mashine ya kuvichaji na kuvimaliza chaji, kuvichaji na kuvimaliza. Mzunguko mmoja ukichukua saa mbili, mizunguko 500 ni saa 1,000, yaani siku karibu 42 usiku na mchana. Ukienda polepole zaidi, ni miezi mitatu. Na jaribio moja si jibu. Unarudia, unabadilisha kitu kimoja, unarudia tena.

Sasa pigeni hesabu mtu wa kazi hiyo akiwa na mkataba wa miezi sita.

Mkataba wangu wa kwanza ulikuwa wa miaka mitatu, na mshahara wa asilimia 65. Maana yake kwenye karatasi nafanya kazi asilimia 65 ya wiki, halafu muda unaobaki nasomea shahada yangu. Kwa vitendo nilikuwa maabara wiki nzima, na Jumamosi pia, na nilichokisomea ndicho kilekile nilichoajiriwa kukifanya. Uzamivu haukwisha kwa miaka mitatu; wa wenzangu wachache tu uliisha. Ukafuata mkataba wa miezi sita, halafu minne, halafu mwaka, halafu sita tena. Na kibali cha ukaazi kinaufuata mkataba kama mkia. Mkataba ukikaribia kwisha unaomba upya, ofisi ya wageni inakupa karatasi ya muda, unaikunja mfukoni unaendelea kusubiri. Kuna mwaka niliishi na karatasi hizo zaidi kuliko nilivyoishi na kibali chenyewe.

Wala si mimi mgeni peke yangu. Kuna sheria ya mwaka 2007 inayoruhusu vyuo na taasisi za utafiti kumwajiri mtu kwa mikataba ya muda hadi miaka sita kabla ya uzamivu na sita baada yake. Miaka hiyo ikiisha, upate kazi ya kudumu au uondoke, na za kudumu zinahesabika. Vyuoni, watafiti walio chini ya miaka 45 ambao si maprofesa, zaidi ya tisa katika kila kumi wako kwenye mikataba ya muda. Wizara ya utafiti iliwahi kutoa video ya kueleza uzuri wa utaratibu huo, yenye mwanabiolojia wa kuchorwa aitwaye Hanna, ikisema unasaidia kizazi kimoja kisije kikaziba mfumo mzima. Mwaka 2021 watafiti wakaifufua mtandaoni, wakaja juu, wakaanza kueleza visa vyao chini ya maneno "Ich bin Hanna", mimi ndiye Hanna. Kuziba! Kama vile ni uchafu kwenye bomba la sinki.

Mnajua wabeba boksi wanavyochoka kwa sababu wakipiga simu wanasema mgongo unauma. Mtafiti hana pa kuonyesha anapoumwa. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliowahoji wanafunzi wa uzamivu zaidi ya 3,600 wa Flanders, Ubelgiji. Nusu hivi walikuwa na dalili mbili au zaidi za msongo wa mawazo, na mmoja kati ya watatu alikuwa katika hatari ya kupata ugonjwa wa akili kama sonona. Yaliyoambatana na hali hiyo ni kazi kuingilia maisha ya nyumbani, kazi kuzidi uwezo, mtu kukosa kauli juu ya kazi yake mwenyewe, na namna msimamizi anavyoongoza. Mimi nilipoyasoma niliifunga kompyuta nikatoka nje. Mtu alikuwa amenihesabu bila kuniuliza.

Nitawapa kisa kimoja, tena ni cha aibu. Usiku mmoja sikulala kabisa. Kibali kilikuwa kinaisha baada ya siku tisa na barua ya mkataba mpya haijatoka. Asubuhi nikaenda kuunda vibetri. Kipande kimoja kilikuwa na miligramu 14.2 za kemikali, mimi nikaandika 12.4. Basi. Uwezo wa betri tunaupata kwa kugawanya chaji kwa uzito, kwa hiyo betri ile ikaonekana bora kwa zaidi ya asilimia 14 kuliko ilivyokuwa. Wiki sita baadaye tukafurahi. Msimamizi akaiweka kwenye mhadhara mbele ya watu wa kampuni iliyokuwa inatufadhili. Mwenzangu akajaribu kuirudia, haikurudi. Akajaribu tena. Miezi minne ya watu wawili ikateketea mpaka nilipofungua daftari na kulinganisha na kumbukumbu ya mizani. Hakuna takwimu ya taifa itakayoonyesha hasara hiyo. Mishahara ilihesabiwa kama matumizi ya utafiti, vichwa viwili vikahesabiwa kama watafiti, na mwaka ule asilimia 3 ilitimia kama kawaida.

Mjomba, hoja yako ya uchumi ina wenyewe. Mchumi Robert Solow alikokotoa mwaka 1957 kwamba ongezeko la uzalishaji kwa kila saa ya kazi Marekani kati ya 1909 na 1949 lilitokana, kwa kadiri ya sehemu saba kati ya nane, na maarifa na mbinu mpya. Kuongeza mitambo kulichangia sehemu ndogo iliyobaki. Mwaka 1990 mchumi mwingine, Paul Romer, akaja kueleza maarifa hayo yanatoka wapi: yanatoka kwa watu waliowekwa kazini kuyatafuta, na wazo likishapatikana laweza kutumiwa na wengi bila kupungua. Wote wawili walipata Nobeli, mmoja 1987, mwingine 2018. Sina ubishi nao. Ninachokiona mimi niliye humo ndani ni kwamba mawazo yanazidi kuwa ghali. Wachumi wanne walionyesha mwaka 2020 kwamba ili idadi ya transista, vile viswichi vidogo sana vya umeme, kwenye chipu za kompyuta iendelee kuongezeka maradufu kwa kasi ileile, sasa wanahitajika watafiti mara 18 ya waliohitajika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kama wazo moja linakula vichwa vingi hivyo, kumwacha mwenye kichwa akeshe akiwaza kibali ni kumwaga hela.

Mtaniambia habari za mwanasayansi Katalin Karikó, najua, maana kila nikilalamika kuna mtu ananitajia huyo mama. Alitoka Hungaria 1985 na mumewe na mtoto, hela za kuanzia maisha wamezishonea ndani ya mwanasesere wa dubu wa mtoto. Akahangaika na mRNA, molekuli inayobeba maagizo ya kutengeneza protini mwilini, huko Marekani miaka na miaka, ruzuku hapati, na mwaka 1995 chuo kikamshusha cheo. Akang'ang'ana. Yeye na mtafiti mwenzake Drew Weissman wakachapisha ugunduzi wao mkubwa 2005, mwaka 2013 akahamia kampuni ya BioNTech hapa Ujerumani, chanjo za korona zikaja 2020, Nobeli 2023. Ni kweli, mama ni jasiri. Lakini wakati ule wa kushushwa cheo mumewe alikuwa amekwama Hungaria kwa shida ya viza. Mambo yangekwenda upande mwingine kidogo tu, angefungasha. Aliyefungasha hatumjui jina.

Kuna mtu mwingine wa kumtazama, naye hata kwenye picha za taasisi hayumo: fundi wa maabara. Kitabu cha mwongozo wa kuhesabu utafiti, kilichozaliwa Frascati, Italia, mwaka 1963, kinawahesabu mafundi na wasaidizi pamoja na watafiti, lakini wanasiasa hutangaza watafiti tu. Tulikuwa na mzee mmoja, ajira ya kudumu, zaidi ya miaka thelathini kwenye jengo lile. Alikuwa akipita kwenye korido anasimama ghafla, anainamisha kichwa, anasema pampu ya chumba cha tatu inataka mafuta. Ukienda kuangalia, kweli. Sisi wa mikataba tulikuwa abiria; yeye ndiye aliyekuwa akijua mashine ipi ilirekebishwa lini na kwa nini ile skrubu ni ya rangi tofauti. Akastaafu. Nafasi yake ikaachwa wazi ili kubana matumizi, na mashine ghali kuliko zote ghorofani ikalala miezi saba kwa ubovu ambao yeye angeumaliza kabla ya saa sita mchana. Wanafunzi watatu walikuwa wakiisubiri, mikataba yao ikiendelea kuyeyuka.

Ndiyo maana, mjomba, mtu akija kwenye mkutano akasema tununue mashine kama za Ujerumani, muulizeni fundi wake ataajiriwa miaka mingapi. Korea Kusini mwaka 1966, ikiwa bado nchi maskini, ilianzisha taasisi yake ya sayansi na teknolojia, KIST, ikawaita wanasayansi wake waliokuwa ughaibuni. Iliwapa nyumba, uhuru wa kupanga kazi, na mishahara iliyowazidi maprofesa wa nchini, mpaka maprofesa wakanung'unika. Leo Korea inatumia karibu asilimia 5 ya pato lake kwenye utafiti. Tusiwafanye malaika, bajeti ya 2024 serikali yao yenyewe ilikata kwa kishindo hela za utafiti, na watafiti wakapiga kelele. Ila ule mwanzo waliupanga kwa kumfikiria mtu na familia yake, na wanasayansi wakarudi.

Mnauliza kama narudi. Kwa sasa hapana, na mshahara ni nusu tu ya sababu. Nimehamia maabara ya kampuni, mkataba hauna tarehe ya mwisho, likizo siku 30 kwa mwaka, na jioni nikitoka hakuna anayenitafuta. Nimeacha swali zuri kule taasisi, swali ambalo nililipenda, na linaniuma. Ninachofanya sasa ni chembamba zaidi: kuongeza umri wa betri ya aina moja. Lakini nalala. Tangu nianze kulala sijakosea kuandika uzito hata mara moja, na mwaka jana nilithubutu kuanzisha jaribio la miezi tisa. Zamani nisingeweza hata kuliwaza.

Kwako mdogo wangu. Njoo, utajifunza mengi. Ila kabla ya kukubali, waandikie wanafunzi wawili wa msimamizi huyo waliokwishamaliza, si walio naye sasa, uwaulize walichukua miaka mingapi na mishahara ya mwisho ilitoka wapi. Uliza fundi yupo au nafasi iko wazi. Jifunze Kijerumani kabla hujafika, usidanganywe kwamba maabara ni ya Kiingereza. Ofisi ya wageni si maabara. Na barua ya ajira nitumie kabla hujasaini. Ule ukurasa wa kwanza wenye nembo na pongezi baki nao. Nitumie ule wenye asilimia na tarehe ya mwisho.